Mifarishi isiyokwisha: Kwa nini kazi za mkono huanzwa nyingi, humalizwa chache

MSHIKA mawili moja humponyoka, walisema wahenga. Ukweli wa usemi huo unafahamika vyema kwa washonaji wa mifarishi ya viraka nchini Marekani na Uingereza, ambao ni nadra kumkuta mmoja wao akiwa na kazi moja tu mkononi.

Mfarishi wa viraka ni shuka zito lenye matabaka matatu: uso ulioungwa kwa vipande vya vitambaa, pamba katikati na kitambaa kizima upande wa chini. Matabaka hayo hushikamanishwa kwa mishono inayopita toka juu hadi chini, kisha pembeni huzungushiwa ukanda.

Kazi hiyo huweza kuchukua miezi, na wakati mwingine miaka. Hivyo, kabatini hubaki mifuko yenye viraka vilivyokatwa lakini havijaungwa, au nyuso zilizokwisha kuungwa lakini hazijatiwa pamba. Washonaji wa Marekani wamezipa kazi hizo jina la utani, UFO, herufi ambazo kwa watu wengine humaanisha vyombo visivyotambulika vinavyoruka angani. Kwao ni kifupisho cha kitu kisichomalizwa.

Kazi hukwama wapi

Kuchagua rangi na kuunga viraka ndiyo sehemu yenye raha, kwa sababu mshonaji huona sura ya kazi ikitokea mbele ya macho yake. Uso ukishakamilika, raha hiyo hupungua. Sasa hutakiwa kutandaza matabaka yote matatu sakafuni, kuyanyoosha, kuyapiga bandi ili yasiteleze, kisha kuusukuma mzigo huo wote chini ya cherehani ndogo ya nyumbani.

Ni hapo ambapo wengi huikunja kazi na kuanza nyingine. Ndiyo maana katika masoko ya vitu vya kale nchini Marekani si ajabu kukuta nyuso za mifarishi zilizoungwa kwa ustadi miongo mingi iliyopita, ambazo hazikupata kutiwa pamba.

Zamani, hatua hiyo ngumu ilifanywa kwa ushirika. Wanawake walikusanyika nyumba moja, wakaizunguka fremu ya mbao na kushona kwa pamoja. Leo, asiyeiweza huipeleka kwa mwenye mashine kubwa maalumu na kulipa kulingana na ukubwa wa mfarishi.

Baridi ilipokuwa msimamizi

Katika kijiji cha Gee's Bend, jimbo la Alabama, wanawake Wamarekani weusi walishona mifarishi kwa nguo kuukuu za kazi za shambani, kwani nyumba zao zilipitisha baridi. Mwaka 2002 mifarishi hiyo ilioneshwa katika makumbusho ya sanaa huko Houston na New York, na mwaka 2006 ikachapishwa kwenye stempu za posta za Marekani.

Wanawake hao hawakuhitaji kukumbushwa kumaliza, kwa kuwa majira ya baridi ndiyo yaliyokuwa siku yao ya mwisho. Mshonaji wa leo anayeweza kununua blanketi dukani hana msimamizi wa namna hiyo. Asipojiwekea mwenyewe siku ya kumaliza, kwa mfano harusi au kuzaliwa kwa mjukuu, kazi hupoteza haraka yake.

Kushika kadhaa bila kuponyokwa

Hata hivyo, kuwa na kazi kadhaa si kosa. Kukata vitambaa huhitaji meza pana na mwanga wa kutosha. Kuunga kwa cherehani huhitaji utulivu. Kushona kwa mkono huwezekana hata katika mazungumzo ya jioni. Mwenye kazi mbili au tatu zilizo katika hatua tofauti hutumia vyema kila nafasi anayoipata. Matatizo huanza pale kazi zote zinapokwama katika hatua ileile.

Hatari nyingine ni kusahau. Washonaji wengi wa Marekani huacha robo inchi ya kitambaa nje ya mshono. Anayerudia kazi baada ya miaka mitano na kuacha milimita moja zaidi hupoteza milimita mbili katika kila muungano. Miungano 20 ikipangana, safu hupungua sentimita nne, na viraka vipya havikutani tena na vya zamani.

Kwa sababu hiyo, inafaa kila kazi iwekwe katika mfuko wake pamoja na kielelezo, uzi wake na karatasi inayoeleza hatua iliyofikiwa, upana wa mshono na jina la atakayepewa. Kitambaa cha kutosha kiwekwe akiba tangu mwanzo. Kama ilivyo kwa doti ya kanga, chapa ikishaondoka sokoni huwa vigumu kuipata tena.

Kwa kazi za zamani, hatua ya kwanza ni kuzitoa zote na kuzikagua. Aliyekusudia mfarishi wa kitanda na akachoka anaweza kuupunguza ukawa wa mtoto au foronya za mito. Ile isiyopendwa tena hupewa mwingine. Zinazobaki huanzwa na ile iliyo karibu zaidi kuisha, kwani kumaliza moja hutoa nafasi na moyo wa kuishika inayofuata.

Inapobaki kwa warithi

Jambo hili si la usafi wa kabati pekee. Mshonaji anapofariki dunia, kazi isiyokwisha huwaachia watoto mzigo wa aina yake: hawawezi kuimaliza, na kuitupa hawathubutu.

Mwaka 2022 wanawake wawili wafumaji nchini Marekani, Masey Kaplan na Jennifer Simonic, walianzisha mradi uitwao Loose Ends kwa ajili ya familia kama hizo. Mradi huo humtafuta mjuzi wa kujitolea, humkabidhi kazi iliyoachwa na marehemu au mtu aliyepata ulemavu, naye huimaliza bila kudai ujira na kuirejesha kwa wenyewe.

Anayejitolea hulazimika kwanza kubaini marehemu alikusudia nini: safu ngapi, rangi ipi ifuate, ukubwa gani. Pale ambapo karatasi ya maelezo ilibaki mfukoni, kazi huendelea kama alivyotaka mwenyewe. Pale isipokuwapo, hubaki kukisia.