Karakana ya Pamoja: Kumfundisha Mwanagenzi Kuunda Gita la Umeme



Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, Serikali ya Zambia hufunga uvuvi katika Ziwa Mweru ili samaki wazaane. Huko Nchelenge na kisiwani Chisenga nyavu huanikwa, na vijana hukaa miezi mitatu bila kipato. Sisi wa viwandani na mashambani twaijua hali hiyo: msimu ukiisha, na kibarua kimekwisha. Kwa hiyo leo tunaeleza kazi moja ya mikono inayofaa kujifunzwa kwa kikundi.

Tusidhani kazi hii ni ya wageni. Muziki wa kalindula wa Luapula ulipata jina lake kutokana na ala ya besi iliyoundwa kijijini. Katika Katanga, Mwenda Jean Bosco alirekodiwa mwaka 1952 mjini Jadotville, ambao sasa ni Likasi, mji wa wachimba madini. Nao Konono No. 1 wa Kinshasa walijitengenezea vinasa sauti kwa sumaku za vyuma chakavu vya magari.

KWANZA, KIPIMO. Mwanagenzi asipewe msumeno siku ya kwanza. Apewe rula na penseli. Tuseme uzi una urefu wa milimita 648 toka kizuizi cha juu hadi daraja. Gawanya kwa 17.817, utapata 36.4: hapo ndipo freti ya kwanza. Urefu uliobaki ugawanye tena kwa 17.817, utapata freti ya pili. Endelea hivyo. Freti ya 12 lazima iangukie katikati kabisa, milimita 324. Isipoangukia hapo, hesabu imekosewa. Alama zote zipimwe kutoka kizuizi cha juu, si kutoka freti iliyotangulia, maana makosa madogo hujumlika.

PILI, MBAO. Iwe kavu kabisa. Mninga unafaa sana. Shingo ya mti mbichi itapinda, na gita halitakubali kulinganishwa sauti tena.

TATU, KINASA SAUTI. Hiki ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, wenye rangi ya kuzuia umeme, mizunguko kama 7,000 au 8,000. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku, umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya, na amplifaya huukuza. Kwa hiyo uzi wa nailoni hausikiki hapo. Lakini uzi uliotolewa katika waya wa breki ya baiskeli husikika, kwa kuwa ni chuma. Wawili wafanye kazi hii: mmoja azungushe, mwenzake ahesabu. Waya ukikatika ndani, kazi yote imepotea.

NNE, USALAMA. Umeme wa gita lenyewe ni mdogo mno. Hatari imo ndani ya amplifaya ya umeme wa nyumba, volti 230. Hata ikichomolewa, baadhi ya vifaa vyake hubaki na umeme. Mwanagenzi asiifungue peke yake. Wakati wa kupiga msasa, kila mtu afunge kitambaa puani.

TANO, UTARATIBU. Twajua mafundi wanaomfagiza kijana karakana miaka miwili bila kumwonyesha kitu. Karakana ya pamoja isiwe hivyo. Vifaa viandikwe katika daftari, na kila jioni vihesabiwe mbele ya wote. Gita la kwanza liwe la karakana, lisiuzwe, ili wanaokuja walipimie. Atakayemaliza gita lake amfundishe mwenzake mmoja kabla ya kuanza la pili. Na bei ipangwe na kikao, wala isipangwe na mnunuzi aliyejua kwamba Januari hamna samaki.

Ujuzi wa mtu mmoja huondoka naye. Ujuzi wa kikundi hubaki.

Umoja ni nguvu.