Msamiati wa Kiingereza cha Kazini: Mfano wa Kabalagala

Huenda msomaji akajiuliza kwa nini jarida la idara ya Kiswahili linazungumzia msamiati wa Kiingereza. Sababu ni kwamba wengi wanaojifunza Kiingereza cha kazini katika Afrika ya Mashariki wanakijia wakiwa na Kiswahili mkononi. Mwalimu anayekitumia Kiswahili hicho humsaidia mwanafunzi kufika haraka zaidi kuliko yule anayempa orodha ya majina ya kazi akariri. Makala haya yanaeleza jambo hilo kwa kutumia mfano wa mtaa wa Kabalagala, Kampala.

Kabalagala na lugha zake

Kabalagala iko katika divisheni ya Makindye, kwenye barabara ya kwenda Ggaba. Ni mtaa wa hoteli, baa, maduka na vibanda vya chakula, na shughuli zake huendelea hadi usiku wa manane. Katika mtaa huu na jirani zake, Kiganda hutawala sokoni na Kiingereza hutawala ofisini. Kiswahili nacho husikika kwa Wakongomani, Wakenya na Watanzania, wakiwemo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala kilichoko Kansanga.

Miongoni mwa Wakongomani hao wapo wakimbizi wengi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inawapa nafasi ya kufanya kazi, lakini ruhusa hiyo peke yake haimpi mtu lugha ya kazi. Ndiyo maana madarasa ya Kiingereza yamekuwa sehemu muhimu ya huduma kwa wakimbizi wa mjini. Huko Nsambya, jirani na Kabalagala, shirika la Jesuit Refugee Service limeyaendesha kwa miaka mingi, na shirika la YARID, lililoanzishwa na vijana wa Kikongo mwaka 2007, limefanya vivyo hivyo.

Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu katiba iliporekebishwa mwaka 2005. Hata hivyo, mikataba na matangazo ya kazi huandikwa zaidi kwa Kiingereza. Mtu anaweza kuwa na ufundi wa miaka 10, akakosa kazi kwa kukosa maneno 100. Tuangalie basi mwalimu aanzie wapi.

Fundi mmoja, majina mengi

Kwa Kiswahili neno "fundi" hubeba kazi nyingi. Tunaongeza neno moja tu na maana inakamilika: fundi cherehani, fundi bomba, fundi umeme, fundi magari. Kiingereza hakina kiini kimoja kama hicho. Kila fundi ana jina lake: "tailor", "plumber", "electrician", "mechanic". Mwalimu aandike neno "fundi" katikati ya ubao, kisha wanafunzi walitolee matawi. Awaonye pia kwamba herufi "b" katika "plumber" haitamkwi.

Mtenda na chombo

Kiswahili huunda jina la mtenda kutokana na kitenzi: pika hutoa mpishi, linda hutoa mlinzi, safisha hutoa msafishaji. Kiingereza nacho kina kiambishi "-er": "clean" hutoa "cleaner", na "drive" hutoa "driver". Mwanafunzi akishaiona kanuni hii hujipatia maneno mengi kwa mkupuo.

Lakini kanuni ina mitego. Mpishi ni "cook", si "cooker". "Cooker" ni jiko. Anayejitambulisha kwa meneja wa hoteli kwa neno hilo atakuwa amejiita chombo. Kiswahili hututenganishia mtu na kifaa kwa ngeli: mfunguaji ni mtu, kifungulio ni kifaa. Kiingereza hutumia "-er" kwa wote wawili. Mtego mwingine ni "waiter". Mwanafunzi anayejua kwamba "wait" ni kungoja hushangaa kusikia kwamba mhudumu wa mezani ndiye "mngojaji". Neno hili lifundishwe pamoja na kazi yake: kupokea oda, kuleta chakula, kuleta bili.

Mwajiri na mwajiriwa

Hapa Kiswahili kinasaidia sana. Tofauti ya "employer" na "employee" huwasumbua wanafunzi kwa sababu masikioni inakaribiana mno. Kiswahili kinayo tofauti hiyohiyo katika mwajiri na mwajiriwa, kwa kutumia kauli ya kutendwa. Vivyo hivyo mlipaji ni "payer", na mlipwaji ni "payee". Anayejaza fomu ya benki bila kujua tofauti hii anaweza kuandika jina lake mahali pa mwingine.

Kopa na kopesha vinahitaji njia tofauti. Kiswahili hubadili kiishio tu. Kiingereza hubadili neno zima: "borrow" na "lend". Wanafunzi wazoeshwe sentensi mbili za watu wawili, kila mmoja akisema upande wake.

Saa na fedha

Ikiwa muda wa darasa ni mfupi, tungependekeza sehemu hii itangulie, kwa kuwa kosa lake humgharimu mwanafunzi fedha. Kiswahili sanifu, kama Kiganda, huhesabu saa za mchana kuanzia alfajiri. Anayeambiwa kwa Kiingereza afike "at seven" asubuhi anatakiwa saa moja. Akitafsiri tarakimu peke yake atafika saa saba mchana, na huenda akakuta nafasi imeshachukuliwa. Saa ya ukutani yenye mishale ni kifaa bora kuliko maelezo marefu.

Kisha yaje maneno ya malipo. "Wages" ni ujira, mara nyingi wa siku au wa juma. "Salary" ni mshahara wa mwezi. "Casual" ni kibarua. "Probation" ni kipindi cha majaribio. "Deduction" ni makato, na "overtime" ni saa za ziada. "Leave" lisisahauliwe: anayelijua kwa maana ya ondoka tu anaweza kudhani amefukuzwa, kumbe amepewa likizo. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Maelezo hayo yana faida ndogo kwa asiyeyaelewa.

Kiingereza cha Kampala

Kitabu kilichoandikwa London hakitamfundisha mwanafunzi maneno yote atakayokutana nayo Kabalagala. Kampala, "balance" huweza kuwa chenji anayodai mteja, na "transport" huweza kuwa nauli. "Sorry" husemwa mahali petu pa kusema pole, hata kama msemaji hana kosa lolote. "Well done" inaweza kuwa salamu kwa aliye kazini, kwa kufuata "gyebale" ya Kiganda. Hata kabalagala, kijimkate cha ndizi mbivu na unga wa muhogo kinachokaangwa, huitwa "pancake".

Anayetoka Kongo ana mzigo mwingine, kwa kuwa Kifaransa humvuta. Kwake "stage" ni mafunzo ya kazini. Kampala ni kituo cha bodaboda au teksi. "Patron" kwake ni bosi. Kwa Kiingereza huweza kuwa mteja wa kawaida au mfadhili. Mwalimu asiyache maneno hayo yajitokeze yenyewe siku ya usaili.

Pendekezo kwa walimu

Tunapendekeza zoezi moja rahisi. Mwanafunzi aeleze siku yake ya kazi kwa sentensi tano za Kiswahili. Darasa lipigie mstari vitenzi, kisha kwa kila kitenzi litafute kwa Kiingereza kitendo, mtenda, kifaa na malipo yake. Mpishi atapata "cook", "cook" tena, "saucepan" na "wages". Dereva atapata yake. Mwishoni kila mwanafunzi atakuwa na orodha ya kazi anayoifanya au anayoitafuta, wala si orodha ya kitabu.

Haba na haba hujaza kibaba, husema wahenga. Kiswahili ni haba ambayo mwanafunzi huyu anayo tayari anapoingia darasani, nasi walimu tunapaswa kumwonyesha namna ya kuitumia.