Joto Kwanza, Maziwa Baadaye

Pwani ya Lindi paka ana heshima yake. Mbwa hufukuzwa barazani, lakini paka huachwa alale mkekani, na maji aliyoyanywa hayamzuii mtu kutawadha. Heshima hiyo ni njema. Ila paka anapozaa, huruma hutangulia ujuzi, na watoto wa paka hufia mikononi mwa watu waliotaka kuwaokoa.

Mambo huenda hivi. Mtu anasikia vilio nyuma ya rundo la makuti, anakuta watoto wanne hawajafumbua macho, mama haonekani. Anawabeba, anawaweka kwenye boksi sakafuni, anawanywesha maziwa ya ng'ombe kwa kijiko. Kesho yake wanaharisha, keshokutwa wamepoa, halafu anatafuta jembe.

Kosa la kwanza ni kule kuwabeba. Paka anayenyonyesha hana budi kutoka akatafute riziki, na anaweza kushinda sokoni kwenye samaki kwa saa kadhaa. Ukiwakuta watoto wamejikusanya, wana joto, matumbo yamejaa na wametulia, jua mama yupo. Ondoka, tazama kwa mbali, mwekee mzazi maji na vichwa vya samaki. Maziwa yake ya mwanzo yana kinga ambayo utumbo wa mtoto huweza kuipokea kwa muda usiofika siku moja. Ukimtenga naye saa hizo, hakuna maziwa ya kopo yatakayoirudisha.

Wa kusaidiwa ni wale wanaolia mfululizo na miili imepoa, au ambao mama yao amekufa. Na hapo ndipo penye kosa kubwa zaidi, la kulisha kabla ya kupasha joto.

Joto la pwani linatudanganya. Katika wiki ya kwanza mtoto wa paka anahitaji mahali penye nyuzijoto 30 hivi, kwa sababu hajui hata kutetemeka ili ajipashe. Usiku wa kusi, Juni na Julai, Kilwa hushuka hadi karibu nyuzijoto 20, na sakafu ya saruji huwa baridi zaidi ya hewa. Wakati wa masika kuna unyevu pia. Mwili ukishapoa, tumbo huacha kazi: maziwa hukaa humo bila kusagwa, yakachacha, au huteremkia mapafuni kwa kuwa mtoto hana nguvu ya kumeza. Mtie kidole kisafi mdomoni. Ukihisi ubaridi, au asipojaribu kunyonya, usimpe kitu. Mweke kifuani, ngozi kwa ngozi, ujifunge kanga juu yake, au umlaze kando ya chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa. Usimtumbukize kwenye maji ya moto. Apate joto polepole, hata ikichukua saa nzima au mbili.

Akishapata joto, swali ni maziwa gani. Maziwa ya paka yana protini zaidi ya mara mbili ya yale ya ng'ombe, na mafuta mengi zaidi pia. Sukari ya maziwa ya ng'ombe ndiyo huleta kuhara, na kuhara humkausha mtoto wa gramu 100 upesi sana. Suluhisho bora kwa mazingira yetu ni paka mwingine anayenyonyesha. Wengi huwapokea watoto wa kambo bila ugomvi. Asipopatikana, maziwa maalumu ya watoto wa paka ni ya kuagiza Dar es Salaam, kilomita karibu 300 kutoka Kilwa, na basi linaweza kukuletea kifurushi. Mchanganyiko wa kushikiza siku moja mpaka yafike mwulize daktari wa mifugo, wala usiubuni mwenyewe.

Mnyweshe kwa bomba dogo la sindano lililotolewa sindano yake, akiwa amelalia tumbo kama anavyonyonya kwa mama. Ukimlaza chali kama mtoto mchanga wa binadamu, maziwa yataingia mapafuni. Wiki ya kwanza hula kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Kila akimaliza, mpapase sehemu za nyuma kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, maana hawezi kukojoa bila kulambwa mpaka atimize kama wiki tatu. Hili husahauliwa sana.

Kisha mpime. Mizani ndogo ya kidijitali ya jikoni inatosha. Huzaliwa na gramu 90 hadi 110, na kila siku aongezeke gramu 10 au zaidi. Uzito ukisimama kwa siku moja, huyo ni mgonjwa hata kama analia kwa nguvu.

Na mgonjwa apelekwe kwa nani? Si kwenye duka la dawa za ng'ombe. Tangu 2006 na 2007, wafugaji walipohamishwa kutoka bonde la Ihefu na wengi kuelekezwa mkoa wa Lindi, Kilwa ikiwemo, ng'ombe wameongezeka, na dawa zao pia zipo madukani. Dawa za kuogeshea ng'ombe zenye permethrini, saipamethrini au amitrazi ni sumu kwa paka. Ini lake haliwezi kuivunja permethrini kama la mbwa linavyoweza. Hutoa mate, hutetemeka, hupata degedege, hufa. Parasetamoli ni hivyohivyo: nusu kidonge inaweza kumuua paka mzima. Mtoto mwenye viroboto mpitishe chanuo la chawa, uwatumbukize viroboto kwenye maji ya sabuni. Ufizi wake ukiwa mweupe, viroboto wamemnyonya damu vya kutosha kumuua; usisubiri kesho.

Muuza dawa si daktari. Anza na afisa mifugo wa kata, au idara ya mifugo ya halmashauri pale Kilwa Masoko. Wengi wao kazi yao ya kila siku ni ng'ombe na mbuzi, lakini mafunzo wanayo, na jambo lililowazidi watakuelekeza kwa daktari. Sheria ya Veterinari ya 2003 inataka watoa huduma watambuliwe na Baraza la Veterinari, kwa hiyo kuuliza usajili wa mtu si utovu wa adabu. Ukipiga simu, uwe na umri wa watoto, uzito wa jana na wa leo, rangi ya choo, na kopo la dawa yoyote uliyokwisha kuwapa.

Dawa ya minyoo huanza wiki ya pili au ya tatu, kwa kipimo cha uzito. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akifikisha miezi mitatu, na kwa Lindi haifai kuipuuza: mkoa huu ulikuwamo katika mradi wa kutokomeza ugonjwa huo kusini mashariki mwa Tanzania ulioanza 2010, na baadaye watafiti walikuta sehemu kubwa ya visa vya wanyama Lindi na Mtwara ni bweha. Paka wa mjini Kilwa hutoka usiku, na bweha nao hutoka usiku. Akikuuma paka usiyemjua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukaulizie chanjo.