Video za tezi dume kwenye simu: kipi cha kuamini?

Huenda nawe umetumiwa video kama hii katika kundi la WhatsApp: mtu aliyevaa koti jeupe anadai kwamba kinywaji fulani cha mitishamba kitamaliza shida ya tezi dume kwa siku saba. Mwishoni kuna nambari ya simu ya kuagiza.

Video hizi hunasa watu kwa sababu huanza na ukweli. Tezi dume iko chini ya kibofu, na mrija wa mkojo hupita katikati yake. Umri unavyosonga, tezi hiyo huongezeka ukubwa na kuubana mrija. Ndiyo maana mzee huamka mara tatu au nne usiku, na mkojo hutoka polepole. Mara nyingi hiyo si saratani. Tena hali yenyewe hupanda na kushuka: wiki hii mbaya, wiki ijayo nafuu, hata bila dawa yoyote. Aliyekunywa kinywaji wakati nafuu inaingia ataamini kimemponya, na atawasambazia wengine kwa nia njema kabisa.

Saratani ya tezi dume, inayoongoza miongoni mwa wanaume nchini Kenya, ni jambo jingine. Mwanzoni mara nyingi haina dalili hata moja. Kukojoa vizuri, basi, si ushahidi kwamba huna. Anayehesabu siku saba, kisha saba nyingine, anaweza kupoteza muda ambao ugonjwa ungetibika.

Mwaka wa 2018 watafiti nchini Marekani walichapisha uchunguzi wa video 150 za YouTube kuhusu saratani hii. Asilimia 77 zilikuwa na maelezo ya kupotosha au yanayoegemea upande mmoja, ama katika video yenyewe au katika maoni ya watazamaji. La kushangaza zaidi, zenye ubora duni ndizo zilizovutia watazamaji wengi.

Hata vitamini za kawaida si za kubahatisha. Katika jaribio lililohusisha wanaume zaidi ya 35,000 huko Marekani na Kanada, matokeo ya 2011 yalionyesha kuwa waliomeza vitamini E walipata saratani hii kwa asilimia 17 zaidi ya wale ambao vidonge vyao havikuwa na dawa.

Wanaume wengi hukwepa hospitali wakiogopa kipimo cha kidole. Kipimo cha PSA ni cha damu tu, inayotolewa mkononi. Kikiwa juu, usikimbilie kuandika wosia: maambukizi au tezi iliyokua tu vinaweza kukipandisha, na daktari ataamua kama kuna haja ya vipimo zaidi. Mweleze dawa zote unazotumia, na ubebe chupa zake. Finasteride, kwa mfano, hushusha PSA kwa takriban nusu na inaweza kuficha tatizo.

Ikiwa umetimu miaka 40, hasa kama baba au ndugu yako aliwahi kuugua, zungumza na mhudumu katika kituo cha afya kilicho karibu nawe. Jina la anayejiita daktari mtandaoni unaweza kulitafuta katika sajili ya KMPDC. Na anayeshindwa kabisa kukojoa apelekwe hospitalini mara moja, hata kama ni usiku wa manane.