Ex wa Mtu Wako Anaingia Job Kila Wiki? Hii Ndiyo Maana Kuficha Wivu Kunakumaliza

Cheki hii picha. Ni Machi, mvua inanukia Kitale na kila mkulima wa Trans Nzoia anatafuta mbegu. Wewe na dame wako mko na agrovet ndogo hapo tauni. Wewe uko kaunta, yeye anashika vitabu na till. Pikipiki inapaki nje, anashuka sales rep wa kampuni fulani ya mbegu. Msee wa Bungoma, koti la kampuni, meno yote nje. Anamuita dame wako kwa lile jina la utani ambalo umezoea kulisikia kwa mathe wake tu.

Walikuwa pamoja miaka miwili wakisoma Bungoma. Dame alikuambia hiyo stori kitambo, hakuficha kitu. Na leo hajakosea popote. Amecheka, amehesabu katoni, amesaini.

Lakini wewe tumbo imejikunja. Unafanya nini? Unachora smile kubwa: "Karibu bro, kuna chai." Usiku, dame akilala, unashuka Instagram ya huyo jamaa hadi picha za 2019.

Kama umewahi kuwa hapo, ama wewe ndiye dame na ex wa boy wako ndiye anakaa desk ya pili kwa ofisi, hii ni yako.

Huu wivu unaangalia nyuma

Wivu wa kawaida unaogopa kesho: ati mtu wangu atanyakuliwa. Huu mwingine unapigana na jana. Hakuna kosa la kushtaki, hakuna meseji ya kushika, hakuna mtu wa kufukuza. Ni picha tu kwa kichwa chako za watu wawili waliopendana kabla wewe hujaingia.

Ndiyo maana watu hunyamaza. Ukiongea utaonekana mtoto. Boy anaogopa kuambiwa hajiamini, dame anaogopa kuambiwa ana drama. Halafu wazee wanakumalizia na ile methali, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Shida ni kwamba ya kwako hayajapita. Yanakuja kila Jumanne na pikipiki.

Na miji yetu haisaidii. Nairobi ex anaweza kupotelea Rongai usimwone tena. Huku, matatu ya Kitale inapita Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, inafika Webuye, na kutoka hapo Bungoma si mbali. Supplier ni wale wale, harusi ni zile zile, matanga ni yale yale. Ukiwa na biashara Kitale na mtu wako alisoma Bungoma, utakutana na historia yake. Jipange.

Kwa nini kukanyagia hakufanyi kazi

Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake kule Texas waliwaambia wanafunzi kitu rahisi sana: kwa dakika 5, usifikirie dubu mweupe. Akikuingia kichwani, piga kengele. Kengele zililia tu. Na hao walioanza kwa kukatazwa, walipopewa ruhusa ya kumfikiria, walimfikiria hata zaidi ya wale walioruhusiwa kutoka mwanzo.

Sasa toa dubu, weka sales rep. Kila ukijiambia "siwezi mfikiria huyu msee", akili lazima ichungulie kama bado unamfikiria. Kwa kuchungulia, ushamfikiria tena.

Lakini hiyo ni nusu ya stori. Nusu ya pili ndiyo inauma.

Mwaka 2003 watafiti waliohusiana na maabara ya James Gross ya Chuo Kikuu cha Stanford walichukua wanawake wasiojuana, wakawaonyesha filamu ya kuhuzunisha, kisha wakawaketisha wawili wawili wapige stori. Kwa baadhi ya jozi, mmoja aliambiwa kimya kimya asionyeshe hisia zozote. Mwenzake hakujua. Unajua ni nani presha ilipanda? Hata huyo mwenzake ambaye hakujua kitu. Na hao wawili hawakuvibe vile wengine walivibe.

Kwa hivyo hiyo smile yako ya kaunta haimkingi dame wako. Anahisi kitu kimekaa vibaya, hajui ni nini, na mwili wake unabeba mzigo ambao hujamwambia ni wa nani. Atajaza hiyo nafasi na majibu yake mwenyewe: labda umechoka naye, labda kuna mwingine.

Utajulikana tu

Wivu uliofichwa hutoka na mlango wa nyuma, na kwa job mlango wa nyuma ni kazi yenyewe. Jichunguze:

Rep akipiga simu ya duka, unaiacha iite. Invoice yake ndiyo inalipwa ya mwisho, kila mwezi, "kwa bahati mbaya". Unaanza kuambia wakulima hiyo mbegu haimei vizuri, na una hakika inamea. Dame akikosea hesabu ya mia mbili, unawaka kama amepoteza lorry. Akivaa vizuri siku ya delivery, unauliza "leo kuna nini?"

Anayelipa hapo ni nani? Mkulima ametoka Cherangani mapema kutafuta pakiti ya kilo 2, amekosa kwako, amevuka barabara kwa agrovet ya jirani. Msimu wa kupanda ni mmoja. Hiyo doh hairudi Juni.

Ficha kwa mteja, usifiche kwa nyumba

Hapa ndipo watu huchanganya mambo. Kuna kuficha kwenye ni sehemu ya kazi. Mwaka 1983 Arlie Hochschild, profesa wa sosholojia Marekani, aliandika kitabu kuhusu wahudumu wa ndege ambao wanalipwa kusmile hata wakitukanwa. Alisema hiyo nayo ni kazi, na inachosha kama kazi nyingine yoyote. Kwa hivyo ndiyo, rep akiwa kaunta, msalimie, hesabu katoni, kuwa mtu mzima. Dakika 20 za kujikaza hazijaua mtu.

Noma ni pale unaenda na hiyo sura hadi kejani. Hapo hakuna mteja. Hapo kuna mtu mmoja tu anayeweza kukusaidia, na ndiye unamfungia mlango.

Na usidhani dawa ni kufuta ma-ex kwa dunia. Cheki Zari na Diamond Platnumz. Zari alitangaza kwa Instagram kwamba ameachana naye tarehe 14 Februari 2018, Valentine yenyewe. Lakini wana watoto wawili, na Machi 2022 Netflix ilipoachilia Young, Famous & African, wote wawili walikuwa ndani. Baadaye Zari akaolewa na Shakib. Yaani kuna mume ambaye mke wake ameshiriki kazi na baba wa watoto wake, kamera zikiwaka, Afrika nzima ikitoa maoni. Roho ya mtu ni yake, hatutaiongelea. Lakini funzo liko wazi: kazi na watoto haviondoki kwa sababu wewe hujisikii poa.

Unaisema aje sasa?

Chagua mahali. Usiifungue ndani ya matatu ya Bungoma. Kabla mfike Kamukuywa dereva ashajua. Usiifungue dukani, na usiifungue ukiwa umekunywa. Ngoja mmefunga, mmekula, simu ziko mbali.

Anza na wewe, usianze na yeye. "Mbona unamchekea hivyo?" ni mashtaka, na mtu akishtakiwa anajitetea. Jaribu hivi: "Babe, hujakosea kitu. Lakini jamaa akikuita lile jina, mimi huumia, na nimekuwa nikificha. Sitaki kuificha tena." Sentensi tatu. Halafu nyamaza umsikilize.

Usiombe detail. Walienda wapi, alimnunulia nini, nani alimwacha mwenzake. Kila jibu utakalopata ni dubu mwingine wa kulala naye.

Omba kitu kidogo kinachowezekana. Oda zipitie simu ya duka. Wewe ndiye upokee mzigo mwezi huu. Yeye amwambie jamaa lile jina liishe. Usimwombe aache kazi, ama abadilishe supplier anayewapa bei poa. Hiyo ni faini kwa kosa ambalo hakutenda.

Na wewe unayeambiwa hivi, tafadhali usicheke. Mtu amemeza aibu yake kukuletea hiyo maneno. "Nimekusikia, tufanye aje?" inatosha.

Mahali wivu unaishia na kesi inaanza

Kuna laini. Kama ex ndiye anasumbua, anashikashika, anatupa maneno ya kitandani kazini, huyo hatuiti wivu. Employment Act ya 2007 inakataza unyanyasaji wa kingono kazini, na mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi lazima awe na sera iliyoandikwa kuhusu hilo. Simama na mtu wako, aripoti.

Na kama wewe ndiye umeanza kumfuata, kumfungia doh, kumtisha, jua sheria ya 2015 ya kulinda watu dhidi ya dhuluma za nyumbani inataja hayo, na inagusa hata wachumba, sio waliooana peke yao. Kuvunja password ya simu ama akaunti yake bila ruhusa kunaweza kukuingiza kwa sheria ya makosa ya mtandao ya 2018: faini hadi milioni 5, jela hadi miaka 3, ama zote mbili. Kama uko kwa nyumba ambapo wivu umekuwa ngumi, piga 1195, ni bure.

Wengi wetu hatujafika huko. Wengi wetu tuko tu kaunta tukismile na meno yanauma. Jumanne ijayo pikipiki itapaki tena nje. Msalimie jamaa, hesabu katoni zake, mlipe kwa wakati. Lakini kabla ya hiyo Jumanne, uwe umeongea na mtu wako.