Mshauri wa miradi ya chakula atafutwe kabla ya mavuno

Soko la washauri waelekezi lina msimu wake kama soko la mahindi. Miradi mingi ya kipato na usalama wa chakula vijijini humtafuta mshauri wa kukusanya mafunzo ya mradi wakati fedha zinakaribia kwisha. Ripoti huja nzuri, ila hakuna tena wa kuitumia.

Mshauri huyu si mwalimu wa semina, wala si mkaguzi wa hesabu. Kazi yake ni kuonyesha mapema kilichofaa na kilichoshindikana, ili mradi ubadili njia ungali na fedha.

Hivyo hadidu za rejea zitazame kalenda ya shamba. Dodoma na Singida, Tanzania, zina msimu mmoja wa mvua. Mshauri akifika Juni hukuta vihenge vimejaa na bei iko chini. Akifika Januari humkuta mkulima yule yule akinunua kwa debe kile alichouza kwa gunia. Safari mbili fupi zinafaa kuliko moja ndefu, hata nauli ikiongezeka.

Awe mtu wa mizani pia. Penye lumbesa, anayehesabu kila gunia kuwa kilo 100 huandika bei ya kilo ambayo mkulima hakuipata.

Malipo yawe kwa awamu. Mwajiri akumbuke kodi ya zuio: asilimia 5 ya ada kwa mkazi, asilimia 15 kwa asiye mkazi. Mkataba usiposema kama kodi imo katika ada, ugomvi huzuka siku ya hundi.