Shukrani Zilizochelewa: Mchezo Tuliouona Kimihurura Kabla Kumbi Hazijafungwa

Wanafunzi wa mwaka wa pili wamekuwa wakiuliza swali lile lile kila muhula: kwa nini katika idara yetu tamthilia husomwa kwa sauti, tena mtu akiwa amesimama, ilhali kitabu kipo mezani na mtihani wenyewe ni wa kuandika? Kwa kawaida huwajibu kwa sentensi mbili kisha tunaendelea na somo. Makala haya ni jibu lililo refu kidogo. Pia ni shukrani ambayo nilipaswa kuitoa mwaka 2020, nami sikuitoa.

Nianze na istilahi, kama ilivyo ada ya ukurasa huu. Tamthilia ni utungo ulioandikwa kwa ajili ya kuigizwa. Mchezo wa kuigiza ni tukio lenyewe: watu wamesimama mbele ya watu, kwa muda fulani, mahali fulani. Siku hizi tofauti hiyo imefifia, kwa sababu neno tamthilia limechukuliwa na televisheni, na kijana akilisikia hufikiria kipindi kinachoendelea wiki hadi wiki. Hapa Rwanda kuna jambo jingine la kuongeza. Neno la Kinyarwanda ikinamico kwa watu wengi huleta kwanza redio, wala si jukwaa. Urunana imekuwa ikisikika tangu 1999, na Musekeweya, uliotungwa kwa ajili ya upatanisho, tangu 2004. Kwa hiyo wengi wa wanafunzi wetu walisikia michezo kwa miaka mingi kabla ya kuuona hata mmoja. Wanajua sauti. Hawajui mwili wa mwigizaji akiwa hatua nne kutoka kwenye kiti chao.

Sasa nieleze jioni ninayoikusudia. Ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya Februari 2020. Wanafunzi walikuwa wameomba uwanja wa nyumba moja Kimihurura, nyumba yenye baraza pana na mti mkubwa wa parachichi, wakapanga viti vya plastiki kama arobaini hivi. Waliigiza Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapwa mwaka 1969, wakiwa wameifupisha ili imalizike kabla ya saa tatu. Nakiri kwamba karibu nisiende. Nilikuwa na rundo la insha za kusahihisha, na manyunyu yalikuwa yameanza. Nilikwenda kwa sababu ya haya tu. Niliahidi, na kiongozi wao alinipigia simu mara mbili.

Kwa wasioijua Kigali vizuri, Kimihurura ni kata ya wilaya ya Gasabo, kilima chenye barabara ndogo za mawe, ofisi za serikali na mikahawa. Jengo la Bunge lipo huko. Ndipo walipokaa askari 600 wa RPF kuanzia Desemba 1993 kwa mujibu wa Mkataba wa Arusha, na kuta zake bado zina alama za vita vya 1994. Upo pia ukumbi mkubwa wa mikutano, Kigali Convention Centre, uliofunguliwa mwaka 2016, ambao kuba lake huwaka taa za rangi usiku. Kuba hilo lilionekana vizuri kutoka uwanjani kwetu, nyuma ya waigizaji, na mwongozaji hakuwa na namna ya kulificha. Basi vita vya Majimaji vya 1905 vilipiganwa mbele ya kuba lenye rangi za bendera. Hakuna aliyelalamika.

Kisa mnakijua. Kinjeketile wa Ngarambe anapandwa na pepo Hongo, anaingia mtoni Rufiji, anatoka akiwa na habari ya maji yatakayowalinda watu dhidi ya risasi za Wajerumani. Watu wanaungana kwa sababu ya neno lake. Kisha mwenyewe anaanza kulitilia shaka, lakini neno limekwisha kumtoka na halirudi.

Wanafunzi walifanya mto kwa kitenge cha buluu kilichoshikwa na wasichana wawili, kikitikiswa chinichini. Kijana aliyekuwa Kinjeketile alipita nyuma yake akapotea. Akatoka. Katika mchezo ni lazima atoke akiwa mkavu, maana huo ndio muujiza wenyewe. Lakini wakati huo huo manyunyu yakazidi, na yule mtu aliyetoka mtoni mkavu akaanza kulowa mbele ya macho yetu. Watu wakacheka. Kijana akanyamaza. Akajipangusa uso taratibu, akatazama juu kwa muda mrefu, kama mtu anayeuliza mbingu jambo, kisha akayasema maneno yake ya maji na risasi kwa sauti ya chini kabisa. Kicheko kikakatika. Kwa mara ya kwanza baada ya kuifundisha tamthilia hiyo kwa miaka mingi, nikaona kwamba Kinjeketile pengine alijua tangu siku ile ya kwanza.

Hili ndilo jambo ambalo kitabu hakiwezi kulifanya. Ebrahim Hussein hakuandika mvua ile. Mwongozaji hakuipanga. Iliundwa na mwigizaji, hali ya hewa na watu arobaini waliocheka pamoja kisha wakaacha kucheka pamoja. Katika fasihi simulizi tunafundisha kwamba fanani na hadhira hutunga kazi kwa kushirikiana. Mara nyingi tunalisema kama kanuni ya kukariri. Jioni ile lilikuwa jambo linaloonekana.

Mwishoni Kinjeketile amefungwa, na anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Mama mmoja mzee, jirani wa nyumba ile ambaye sidhani alielewa nusu ya Kiswahili kile, akasema kwa sauti kutoka nyuma: "Vuga!" Yaani, sema! Kijana hakusema. Nchini Tanzania tamthilia hii husomwa zaidi kama habari ya umoja na ukombozi, na ni sawa. Lakini mbele ya hadhira ya Kigali, katika nchi ambayo mwaka 1994 iliona redio ikiwatuma watu kuua, suala la neno lililomtoka mtu na kuwapeleka wengine kwenye mauti lina uzito mwingine. Sikuwa nimelifikiri hilo mpaka nilipouhisi ukimya wa uwanja ule.

Mchezo ulipokwisha nilipiga makofi pamoja na wengine, nikatafuta pikipiki, nikaenda nyumbani kwenye insha zangu. Sikumwendea yule kijana. Niliona kuna siku nyingine.

Tarehe 14 Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa Korona alitangazwa nchini. Shule na nyumba za ibada zilifungwa mara moja, na usiku wa tarehe 21 watu wote waliamriwa kubaki majumbani. Chuo kilifungwa, wanafunzi wakarudi wilayani kwao. Mjini kukawa na vifaa vya kunawia mikono kila kituo cha basi, vile ambavyo kwa Kinyarwanda huitwa kandagira ukarabe, yaani kanyaga unawe. (Tanzania wana kibuyu chirizi. Natamani mtu wa isimu atuandikie makala kuhusu majina haya.) Kila nilipokanyaga nikanawa nilimkumbuka Kinjeketile, na maji yake ya kinga.

Wengine wameuliza kwa nini kumbi za maonyesho zilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza kufungwa na pa mwisho kufunguliwa, wakati masoko ya chakula yaliendelea. Sehemu ya jibu ni kwamba chakula hakina mbadala. Sehemu nyingine imo katika kazi yenyewe. Ugonjwa ule huenea kwa pumzi, na mwigizaji ni mtu aliyefunzwa kutoa pumzi nyingi: hutoa sauti kutoka tumboni ili aliyekaa nyuma asikie. Anasimama karibu na mwenzake, anamgusa. Hadhira nayo imekaa bega kwa bega kwa saa mbili, mara nyingi ndani ya chumba kilichofungwa madirisha ili kuzuia mwanga na kelele, na inacheka. Mteja wa sokoni hupita, mtazamaji hukaa. Mambo yale yale yanayoufanya mchezo uwe mchezo ndiyo yaliyoufanya uwe hatari.

Wala haikuwa mara ya kwanza. London ya wakati wa Shakespeare ilifunga kumbi zake kwa sababu ya tauni kwa sehemu kubwa ya 1592 hadi 1594, na tena 1603. Mwaka 1642 Bunge la huko lilizifunga kwa amri, bila tauni yoyote, na zikabaki hivyo hadi 1660. Tunaosoma tafsiri za Mwalimu Nyerere za Julius Caesar na Mabepari wa Venisi hatukumbuki mara kwa mara kwamba mtunzi wake aliishi akijua ukumbi unaweza kufungwa wiki ijayo.

Karibu zaidi na kwetu ni Kamiriithu, Limuru. Wanakijiji walijenga jukwaa la wazi kwa mikono yao, na Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ ilianza kuonyeshwa tarehe 2 Oktoba 1977. Ilipofika tarehe 16 Novemba kibali kilifutwa. Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa kizuizini mwisho wa mwaka huo bila kushtakiwa, na mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Tuna tafsiri ya Kiswahili, Nitaolewa Nikipenda, na ninashukuru kuwa nayo. Lakini waliouona mchezo ni wale tu waliofika katika wiki zile sita. Aliyesema atakwenda Desemba hakuuona.

Na Kigali yenyewe ina kisa chake. Kituo cha utamaduni cha Wafaransa kilichokuwa katikati ya mji, chenye ukumbi wa maonyesho, kilifungwa ghafla Novemba 2006 Rwanda ilipovunja uhusiano wa kibalozi na Ufaransa, baada ya hakimu Bruguière kutoa hati za kuwakamata watu wa karibu na Rais Kagame. Uhusiano ulirudishwa Novemba 2009 na kituo kikafunguliwa tena, kisha mwaka 2014 jengo likavunjwa, kwa maelezo kwamba halikulingana na mpango wa mji. Kituo kipya kilizinduliwa Mei 2021. Sitaki kuingia katika siasa za jambo hilo, na Rwanda ilikuwa na sababu zake nzito. Ninachosema ni kwamba mtu anayependa michezo katika mji huu amekwisha kujifunza kwamba ukumbi si mlima.

Kazi haikufa, lazima niseme hivyo. Tamasha la Ubumuntu, lililoanzishwa na Hope Azeda wa kundi la Mashirika mwaka 2015 na ambalo hufanyika Gisozi kwenye ukumbi wa wazi wa kumbukumbu ya mauaji ya kimbari, lilihamia kwenye intaneti mwaka 2020. Kumbukumbu ya tarehe 7 Aprili mwaka huo ilifanyika bila matembezi wala mkesha wa uwanjani, watu wakifuatilia majumbani kwa redio na televisheni. Nilitazama niliyoweza. Baadhi yalikuwa mazuri sana. Lakini skrini hailowi.

Vyuo vilipoanza kufunguliwa Oktoba 2020, kundi lile la wanafunzi lilikuwa limetawanyika. Kijana wetu alirudi, akamaliza, akapata kazi ya kufundisha Kiswahili katika shule moja ya mkoani. Niliwahi kusikia kwamba ameacha kabisa kuigiza. Nilidhani ni shughuli za maisha.

Mwaka jana, nikiwa naandaa mhadhara kuhusu Kinjeketile, nilitafuta kama kuna aliyeirekodi jioni ile. Hakuna. Zipo picha mbili zenye ukungu, na katika mojawapo linaonekana kuba kuliko waigizaji. Nikampigia simu. Nikamwambia nimekuwa nikiifundisha ile mvua kwa miaka yote hii, kwamba kila darasa langu limesikia habari ya Kinjeketile aliyejipangusa uso akatazama juu.

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mwalimu, kumbe mlicheka mvua?"

Kwa miaka yote aliamini tulicheka Kiswahili chake. Mnajua tatizo letu la r na l. Katika mazoezi neno risasi lilikuwa likimtoka kama lisasi, na wenzake walimtania sana. Alipotoka nyuma ya kitenge na kusikia kicheko, alidhani tayari amekosea jambo. Alitazama juu, aliniambia, ili asizione nyuso zetu. Alishusha sauti ili neno lile lisisikike vizuri.

Nilimweleza kilichotokea upande wetu, polepole, kama ninavyowaeleza ninyi. Nilimwambia kwamba risasi yake ilikuwa safi kabisa. Nikamwambia ahsante, na kwamba nilipaswa kuisema pale pale chini ya mti wa parachichi, kabla ya kuita pikipiki.

Akauliza kama kile kitenge cha buluu bado kipo. Kipo, kwenye kabati la idara, rafu ya chini, pamoja na maleba mengine. Amesema ana wanafunzi ishirini na wanne wa kidato cha tano na uwanja wenye mti, na angependa kukiazima muhula ujao.